Mwanamke asiyeitwa 'Mama Fulani'

Riwaya za wanawake wa Afrika zauliza: bila mtoto, mwanamke ni nani?

INGIA mtaa wowote wa Nairobi, uwe Umoja, Kayole au Kawangware, uulize anakoishi Wanjiku au Achieng'. Huenda ukazunguka hadi jua lichwe. Lakini ulizia kwa Mama Kevin au Mama Akoth, na hata watoto wanaocheza kando ya njia watakuongoza hadi mlangoni.

Ndiyo desturi yetu. Mwanamke akishajifungua kifunguamimba wake, jina alilopewa na wazazi huwekwa kando na badala yake huvikwa la mwanawe. Ni jina la heshima, na wengi hulibeba kwa fahari. Mumewe naye huitwa Baba Kevin, lakini kazini, kanisani au msikitini na kwenye baraza la chifu, jina lake la asili hubaki pale pale.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wachache huthubutu kulitamka hadharani. Je, yule ambaye hakujaliwa mtoto aitweje?

Mtaani jibu hupatikana upesi, nalo si zuri. Lugha yetu ina neno tasa, linalotumiwa kwa mwanamke asiyezaa na pia kwa mnyama jike asiyezaa. Lipo pia neno mgumba, ambalo laweza kumhusu mume au mke. Lakini hebu jiulize, msomaji, ni mara ngapi umesikia mwanamume akinyooshewa kidole kwa neno hilo?

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, waandishi wanawake wa Afrika wamekuwa wakilirudia swali hili katika riwaya zao. Wahakiki hulipa majina makubwa makubwa, kama vile utambulisho wa kijinsia na taswira ya mwanamke mweusi. Ukiyaondoa majina hayo, kinachobaki ni hiki: ni nani aliyeamua kwamba mwanamke kamili lazima awe mzazi, na aliamua kwa niaba ya nani?

Tumechagua riwaya tano, moja kati yazo ikiwa ya hapa hapa kwetu, ili kuona jinsi swali hilo lilivyokua kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Msomaji anayependa kugundua mwisho wa hadithi mwenyewe atuwie radhi, kwani baadhi ya siri itabidi zifichuliwe.

Bibi wa ziwani

Mwaka wa 1966 ulikuwa wa baraka kwa fasihi ya wanawake barani. Hapa Nairobi, shirika la East African Publishing House lilichapisha The Promised Land, riwaya ya Grace Ogot. Jijini London, Heinemann nao wakatoa Efuru, riwaya ya Flora Nwapa wa Nigeria, katika mfululizo wao maarufu wa waandishi wa Afrika. Kabla ya hapo, riwaya zilizovuma ziliandikwa na wanaume, na mara nyingi mwanamke ndani yazo aliingia na mtungi wa maji akatoka.

Nwapa alizaliwa mwaka wa 1931 huko Oguta, mji wa Waigbo ulio kando ya ziwa, na hadithi yake inatoka huko huko. Efuru ni binti wa ukoo unaoheshimika, mzuri wa sura na hodari wa biashara. Anampenda kijana asiye na kitu, Adizua, na kumfuata kabla ya mahari kulipwa.

Siku zinapita bila dalili ya mimba, na ndimi za majirani zinaanza kazi. Hatimaye anazaliwa msichana, Ogonim. Lakini raha hiyo haidumu. Adizua anatokomea na mwanamke mwingine, na mtoto naye anaugua na kufa. Hata habari ya msiba haimrudishi baba mtu nyumbani.

Efuru anaolewa tena, mara hii na Gilbert, kijana aliyesoma. Wanapendana, wanafanya biashara pamoja, lakini mtoto hapatikani. Efuru mwenyewe ndiye anayemtafutia mumewe mke wa pili.

Wakati huo anaanza kuota ndoto za ajabu. Anamwona bibi mmoja mrembo anayeishi chini ya ziwa. Mganga anamfafanulia kwamba huyo ni Uhamiri, mungu wa kike wa ziwa hilo, na kwamba amemchagua awe mfuasi wake. Uhamiri huwapa wanawake wake mali na uzuri. Watoto si fungu lake.

Ndoa ya pili inavunjika pia baada ya Efuru kusingiziwa uzinzi, naye anarudi kwao. Riwaya inafikia tamati akiwa usingizini, akimwota yule bibi ambaye ana kila kitu isipokuwa raha ya kuwa mama. Mwandishi anauliza kwa nini basi wanawake humwabudu, na hapo hapo anafunga kitabu.

Hakutoa jibu. Lakini alikuwa ameonyesha jambo kubwa kimya kimya. Katika jamii ambayo inamhesabia mwanamke watoto kama mkulima anavyohesabiwa magunia, ilikuwepo tayari, ndani ya imani yake yenyewe, picha ya mwanamke mkuu asiyezaa na ambaye watu humpigia magoti.

Raha iliyogeuka karaha

Miaka 13 baadaye, mwanamke mwingine wa Kiigbo aliliokota swali hilo pale Nwapa alipoliacha. Buchi Emecheta alichapisha riwaya yake mwaka wa 1979 na kuiita The Joys of Motherhood, yaani raha za kuwa mama, jina lililotokana na maneno ya mwisho ya Efuru. Lakini ni jina la kejeli.

Ifahamike kwamba Emecheta hakuwa mtu asiyewajua watoto. Alizaliwa Lagos mwaka wa 1944, akaolewa akiwa na umri wa miaka 16 na kumfuata mumewe London. Kabla hajatimiza miaka 25 alikuwa na watoto watano na ndoa imevunjika. Alisimulia mwenyewe jinsi mumewe alivyouchoma moto muswada wake wa kwanza. Aliwalea watoto peke yake, akasomea sosholojia katika Chuo Kikuu cha London, na kuandika huku watoto wakiwa miguuni. Alifariki mwaka wa 2017.

Mhusika wake mkuu ni Nnu Ego. Katika ndoa ya kwanza kijijini hapati mimba, na mumewe anaoa mwingine ambaye anashika mimba mara moja. Nnu Ego anaondolewa chumbani na kupelekwa shambani. Usiku mmoja anamchukua mtoto wa mke mwenza na kumpa titi lake kwa siri. Anapogunduliwa anachapwa, na babake anakuja kumchukua.

Anaozwa tena, safari hii kwa Nnaife, mwanamume asiyempenda, ambaye ni dobi wa Mzungu jijini Lagos. Anavumilia kwa sababu moja tu: mwanamume huyo amempa mtoto wa kiume. Mtoto huyo anapofariki akiwa na umri wa majuma machache, Nnu Ego anatimua mbio kuelekea daraja la Carter ili ajitupe majini. Watu wanamshangaa na kumkemea, lakini wanapoelewa kwamba hana mtoto hai, wengi wanaona ana haki ya kutaka kufa.

Hapo msomaji husimama kidogo. Umati mzima umekubaliana kwamba bila mtoto, mwanamke huyu hana sababu ya kuishi.

Baadaye Mungu anamjalia watoto wengi, wa kiume na wa kike. Je, anapata zile raha alizoahidiwa? La hasha. Anauza sigara na kuni ili wasome. Wasichana wanasaidia kazi ili wavulana waende shule. Mwanawe mkubwa anakwenda zake Marekani, mwingine Canada. Nnu Ego anafia kando ya barabara, peke yake, hana mwana wa kumshika mkono.

Akishakufa ndipo wanarudi kumfanyia mazishi makubwa ya kifahari. Wanamjengea hata mahali pa matambiko ili wanawake wasiozaa wamwombe watoto. Lakini, asema mwandishi, kila wanapomwomba, yeye hawapi.

Kuna mhusika mwingine wa kuangaliwa humo, naye ni Adaku, mke mwenza wa Nnu Ego. Adaku ana mabinti tu, na wazee wa jamii wamemweleza wazi kwamba hilo halimpi nafasi nyumbani. Badala ya kulia, anafungasha virago, anaondoka, na kuwapeleka mabinti zake shule. Jamii inamwita malaya. Mwishowe ndiye anayeonekana kuishi kwa amani.

Paulina wa Nairobi

Msomaji asije akafikiri kwamba haya ni ya Nigeria pekee. Kwetu Kenya, Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza aliyefika nchini mwaka wa 1954, akaolewa na Mjaluo na kuwa raia, aliandika Coming to Birth. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1986 na kushinda Tuzo ya Sinclair mwaka huo huo.

Paulina ana umri wa miaka 16 anaposhuka gari la moshi Nairobi mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, akimfuata mumewe Martin. Ni mjamzito na ni mgeni. Haipiti muda mimba inaharibika, na akitoka hospitalini anapotea njia jijini. Anapofanikiwa kurudi, badala ya pole anapata kichapo.

Miaka inapita bila mtoto. Martin anatafuta wanawake wengine. Paulina naye anarudi magharibi, anapata mafunzo na kuanza kujitegemea kwa mshahara wake. Huko anazaa mwana na mwanamume mwingine. Mtoto huyo anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka wa 1969, siku ambayo haijasahaulika katika historia ya taifa letu.

Wengi wangedhani huo ndio mwisho wa Paulina. Kumbe ndio kwanza anaanza kuwa mtu. Anarudi Nairobi kufanya kazi katika nyumba ya mbunge, anasikiliza siasa, anaunda maoni yake na kuyatamka. Martin anaporudi kwake, anamkuta mwanamke asiyeweza kupigwa tena.

Ni kweli kwamba riwaya inapokwisha Paulina ni mjamzito tena. Lakini tangu ukurasa wa kwanza, mtoto tuliyekuwa tukimsubiri azaliwe alikuwa Paulina mwenyewe. Na amezaliwa bega kwa bega na nchi yake, kwa uchungu ule ule.

Siri ya Baba Segi

Sasa turudi Nigeria, na tupige hatua hadi karne hii. Mwaka wa 2010 Lola Shoneyin alitoa riwaya iitwayo The Secret Lives of Baba Segi's Wives. Ni kitabu cha kuchekesha, lakini kicheko chenyewe kina mwiba.

Baba Segi ni mfanyabiashara wa Ibadan, mnene wa mwili na wa majivuno. Ana wake wanne. Watatu wa kwanza huitwa Iya Segi, Iya Tope na Iya Femi. Kwa Kiyoruba, Iya ni mama. Wa nne, msichana aliyehitimu chuo kikuu, huitwa Bolanle. Bolanle tu. Mwandishi hahitaji kutueleza nani hana mtoto katika nyumba hiyo. Majina yamekwisha kusema.

Wake wenza wanamwonea gere kwa elimu yake, na wanamdharau kwa tumbo lake. Baba Segi, baada ya kujaribu kila njia, anakubali ampeleke hospitalini. Daktari anaomba mume naye apimwe. Baba Segi anaona huo ni mzaha, kwani nyumba yake si imejaa watoto?

Majibu yanapotoka, siri inafumuka. Baba Segi hana uwezo wa kuzalisha. Iya Segi ndiye aliyeigundua shida hiyo miaka mingi nyuma, akaenda kutafuta mimba nje, na wale waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Hakuna hata mtoto mmoja aliye wa damu yake.

Tusiwahukumu wake hao kwa haraka. Iya Segi alijua vyema kwamba endapo nyumba ingekosa mtoto, lawama ingekuwa yake. Alidanganya ili aitwe mama. Uongo huo haukukosa gharama: sumu iliyotegewa Bolanle ilimpata Segi, binti mkubwa wa nyumba, na kumuua.

Bolanle, ambaye alinajisiwa akiwa msichana na kubeba siri hiyo peke yake miaka yote, anaondoka. Haondoki akiwa na mtoto wala talaka ya aibu. Anaondoka akiwa na jina lake.

Mume naye ni mfungwa

Katika riwaya ya Shoneyin tunamcheka mwanamume. Mwaka wa 2017 Ayobami Adebayo, kijana wa umri wa chini ya miaka 30, alitutaka tumhurumie pia. Kitabu chake, Stay With Me, kiliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Baileys ya waandishi wanawake mwaka huo.

Yejide ana saluni yake mjini Ilesa katika miaka ya 1980, nchi ikipinduliwa na kupinduliwa tena na wanajeshi. Yeye na mumewe Akin walipendana tangu chuoni na wakaahidiana kuishi wawili tu. Baada ya miaka minne bila mtoto, jamaa wanabisha hodi wakiwa wamefuatana na msichana. Wanamtambulisha kwa Yejide: huyu ni mke mwenzio.

Kinachofuata ni mahangaiko ambayo wanawake wengi watayatambua. Yejide anapanda mlimani kwa nabii, na huko anaambiwa ampe titi mwanambuzi. Anafanya hivyo. Anashuka akiamini ana mimba, tumbo linavimba, anapita miezi tisa na kuendelea. Daktari akipima, hakuna mtoto.

Lakini Adebayo amemwachia Akin naye nafasi ya kusimulia, na ndimo ilimo siri. Akin hana nguvu za kiume. Kwa aibu, amemruhusu mkewe atangetange kwa waganga na manabii huku akijua shida iko wapi. Hatimaye anampanga ndugu yake wa damu ampatie Yejide mimba. Watoto wanazaliwa, lakini wawili wanafariki, na ugonjwa wa selimundu unaingia nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Kwa nini Akin hakusema kweli? Kwa sababu naye alifundishwa kwamba mwanamume asiyeweza kuzalisha si mwanamume. Pingu iliyomfunga mkewe ilikuwa na ncha ya pili, nayo ilikuwa mkononi mwake.

Hapa ndipo swali la Nwapa lilipofika baada ya miaka 51. Lilianza kama swali la mwanamke. Sasa ni la mume na mke pamoja.

Je, ni mambo ya kuiga?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mawazo ya kizungu, na kwamba mwanamke wa Kiafrika hakuwahi kujiuliza maswali kama hayo hadi aliposoma ng'ambo. Hoja hiyo haina mashiko.

Uhamiri hakuletwa na meli. Ni imani ya watu wa Oguta wenyewe. Emecheta naye, licha ya kuishi London miaka mingi, alisema wazi kwamba hakupenda kuwekwa kapu moja na watetezi wa wanawake wa Ulaya. Alisema aliandika juu ya maisha ya mwanamke Mwafrika aliyoyafahamu.

Hata hapa kwetu, wazee hawakuwa na jibu moja tu. Miongoni mwa Wanandi, Wakuria, Wakamba na Wagusii, kulikuwa na desturi ya mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwingine kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake na wairithi. Kwa Wanandi, aliyeoa kwa njia hiyo alihesabiwa kuwa mume, akachukua nafasi ya mume katika shughuli za jamii. Haikuwa ndoa ya mapenzi ya kimwili, bali mpango wa mali na ukoo. Hata hivyo yaonyesha kwamba babu zetu walijua kutofautisha kati ya umbo la mtu na nafasi anayopewa na jamii.

Waandishi wapya wamelisukuma jambo hili mbali zaidi. Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, alitoa riwaya ya Freshwater mwaka wa 2018. Mhusika wake, Ada, ana roho kadhaa zinazoishi ndani ya mwili mmoja, zile ambazo Waigbo huziita ogbanje, na jina mwanamke peke yake halimtoshi. Wapo wasomaji watakaokikubali kitabu hicho na wapo watakaokikataa. Lakini wote wataona kwamba, kama Nwapa mwaka wa 1966, mwandishi amechota kisimani kwao.

Somo kwa familia

Sisi tulio mijini tunaweza kujidanganya kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Hayajapitwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila watu wazima sita duniani hupata tatizo la uzazi wakati fulani maishani mwake. Ukiketi kwenye matatu iliyojaa, basi hesabu waliomo.

Madaktari nao wamesema hadi wakachoka kwamba chanzo chaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Bado katika nyumba nyingi anayepelekwa kupimwa, kuombewa na kunyweshwa dawa za miti shamba ni mmoja tu. Riwaya za Shoneyin na Adebayo zinafundisha jambo ambalo bango la zahanati haliwezi kulifundisha: jinsi uongo mmoja wa kuficha aibu unavyoweza kuibomoa nyumba nzima. Wanandoa wakienda hospitalini, na waende wote wawili.

Kwa wanafunzi, kuna jambo la kuzingatia mnapojibu swali la mtihani kuhusu taswira ya mwanamke. Wengi wenu huorodhesha tu: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama msaliti, mwanamke kama mtamaushwa. Nendeni mbele kidogo. Ulizeni ni nani katika kitabu anayempa mwanamke huyo jina hilo. Je, ni mama mkwe? Ni mume? Ni majirani? Au ni yeye mwenyewe? Mkipata jibu la swali hilo, insha itajiandika.

Na wala si lazima muende Nigeria. Katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika KCSE, Neema na mumewe Mwangemi wanampanga mtoto, Mwaliko, na kumlea kama wao. Hawamzai, lakini ni wazazi. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ingawa methali hiyo huitumia zaidi wale waliokwisha kuzaa.

Wazazi nao wasiviogope vitabu hivi. Baadhi vina mambo mazito yasiyowafaa watoto wadogo, na hilo ni la mzazi kuamua. Lakini kwa kijana wa kidato cha nne au wa chuo, ni heri asome habari za Nnu Ego na Yejide na kuzijadili mezani na wazazi wake, kuliko kujifunza maana ya mwanamke kutoka kwa masengenyo ya ploti. Binti atajua kwamba tumbo lake si cheti chake. Mvulana atajua kwamba kusema kweli hakumpunguzii uanaume.

Hakuna hata mmoja wa waandishi hawa anayedharau kuwa mama. Emecheta alilea watoto watano. Wanachokataa ni kwamba mlango wa kuingilia utu uwe mmoja tu, tena ambao si kila mtu amepewa ufunguo wake.

Na kama kuna jirani katika ploti yenu ambaye hadi leo mnamwita "yule wa nyumba namba nane," si vibaya kesho mkamuuliza jina lake.